Bei ya Gizani Si Maelewano

Katika makundi ya WhatsApp ambako wakusanyaji wa magazeti ya katuni ya zamani wanauziana, kauli moja hufunga kila mjadala: bei maelewano. Mtu anaweka picha ya gazeti la Sani la miaka ya 1980, chini yake anaandika "bei njoo inbox", na akiulizwa kwa nini haitaji mbele ya watu anajibu kwamba thamani ya kitu ni kile ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa. Ikisikika kwamba mwingine alinunua boksi zima kwa mjane wa mwalimu kule Nshamba kwa bei ya kilo chache za sukari, kisha akauza gazeti moja la ndani yake kwa fedha inayozidi aliyolipia boksi lote, jibu ni lilelile. Mama aliuza kwa hiari yake. Hakuna aliyemshika mkono.

Nimekusanya magazeti haya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, muda wa kutosha kujua kwamba wanaosema hivyo si wezi. Wengi ni watu waungwana, walimu, mafundi, madereva, watumishi wa halmashauri, na wanakiamini wanachokisema. Ndiyo maana wanastahili kujibiwa kwa hoja. Naiona kauli hiyo ni potofu kuanzia msingi wake, na kadiri tunavyoendelea kuitumia ndivyo tunavyoyapoteza magazeti yenyewe, ambayo kila mmoja wetu anadai kuyapenda.

Wanachosema

Niiseme kwanza kama wanavyoisema wao, tena kwa nguvu zake zote. Gazeti la katuni la zamani halina bei ya kiwandani. Bei iliyochapwa kwenye jalada ni ya shilingi ya enzi nyingine na leo haimwongozi mtu. Hakuna bodi inayopanga bei, hakuna mnada rasmi, hakuna duka Bukoba mjini linaloweza kukuambia Sani fulani ni kiasi gani. Kwa hiyo, wanasema, kinachobaki ni watu wazima wawili kukaa na kukubaliana.

Pili, anayetafuta anatoa jasho. Anapanda bodaboda mpaka Rubya au Kamachumu kwenye mvua, anapekua maboksi yaliyoliwa na mchwa, anarudi mikono mitupu mara nyingi. Ujuzi wake wa kutambua gazeti la thamani ndio mtaji wake, na hakuna fundi anayegawa ujuzi bure. Tatu, soko litajirekebisha: anayeuza ghali mno atakosa wateja, na anayewalalia watu atakosa wa kumuuzia. Nne, mnunuzi ni mtu mzima, afumbue macho. Tano, hizi ni katuni tu. Kuna mambo mazito zaidi ya kugombania.

Hoja hizi zina sura nzuri. Nazichukua moja moja.

1. Hiari ya asiyejua

Mama wa Nshamba kweli hakushikwa mkono. Lakini alikubali nini? Alikubali kuuza karatasi kuukuu zilizokuwa zinamjazia chumba. Aliyenunua alinunua kitu kingine kabisa: Sani za miaka ya mwanzo zikiwa na majalada yake, ambazo mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi anazitafuta usiku na mchana. Walipeana fedha na mzigo, lakini hawakukubaliana juu ya kitu kimoja, kwa sababu mmoja tu ndiye aliyejua kilichokuwa mezani.

Sisi wa Kagera tungepaswa kuwa watu wa mwisho kudanganyika na hoja hii, kwa kuwa tumeishi na butura, yaani kuuza kahawa kabla haijavunwa. Mkulima amebanwa na ada ya shule, msiba au mgonjwa hospitalini, na kahawa yake bado ni maua mtini. Anakuja mwenye fedha, anampa kiasi fulani leo, na mavuno yakifika kahawa ni ya mwenye fedha. Watetezi wa butura walikuwa na maneno yaleyale tunayoyatumia leo kwenye magazeti: alikuja mwenyewe, alihesabiwa fedha akazipokea, angekataa nani angemlazimisha. Viongozi wa serikali wameipiga marufuku na kuilaani kwa miaka mingi, na kila familia iliyowahi kuona kahawa yake ikipimwa kwenye mizani ya mtu mwingine inajua kwa nini. Shida ilimnyima mkulima subira, na aliyenunua alikuwa na uhakika wa bei ya msimu kuliko aliyeuza.

Sisemi kwamba gazeti la katuni lina uzito wa kahawa. Kahawa imejenga nyumba na kusomesha watoto wa mkoa huu. Ninachosema ni kwamba kanuni ni moja. Mtu hawezi kulaani butura Jumapili baada ya ibada, kisha Jumatatu akaenda Kamachumu kununua boksi kwa bei ya kutupa na kujitetea kwa sababu ileile. Ama hiari ya asiyejua inatosha kuhalalisha bei, na hapo butura ilikuwa halali. Ama haitoshi, na hapo boksi lile halikununuliwa kwa haki. Achague moja.

2. Ujuzi ni mtaji, lakini mtaji una mipaka

Hoja ya jasho nina heshima nayo. Anayetafuta anastahili faida. Usafiri ni gharama, kukosea ni gharama, na fedha iliyolala kwenye magazeti ambayo yanaweza kuchukua mwaka mzima kuuzika ni gharama kubwa kuliko zote. Asiyetaka mtafutaji apate faida hataki magazeti yatoke darini.

Lakini angalia jinsi hoja inavyoteleza. Inaanza na faida ya jasho, inaishia na faida ya kimya. Jasho lake lina kiasi: nauli, siku alizotumia, mtaji uliolala, hatari ya hasara. Vyote vinahesabika na vinaweza kutajwa mbele ya muuzaji bila aibu. Kinachofichwa ni ile sehemu inayobaki baada ya gharama zote kulipwa, ambayo chanzo chake ni kutojua kwa mama tu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme magazeti yenye majalada na kurasa zote yamekuwa yakiuzwa kwenye kundi kwa shilingi 20,000 kila moja. Boksi lina magazeti 50, na 10 kati yake yameharibika. Mnunuzi mwaminifu anamwambia mwenye boksi: "Shikamoo mama. Haya mazima 40, moja likipata mteja huuzwa kama elfu ishirini. Mimi nitayachukua yote kwa pamoja, mabovu nayo, nitalipa usafiri na nitakaa nayo muda mrefu. Nakupa laki tatu." Akiyauza yote mazima atapata laki nane, kwa hiyo amebaki na laki tano ya kulipia gharama zake na jasho lake. Hiyo si faida ndogo. Mama naye amejua alichouza, kwa nini amepewa laki tatu badala ya laki nane, na anaweza kuamua kuuza mawili leo na kubaki na mengine. Je, mtafutaji amepoteza nini hapo ambacho kilikuwa haki yake?

Wanajibu kwamba ukimwambia mtu bei atapandisha mpaka mali isiuzike. Hutokea, nami nimeona. Lakini chunguza aliyemharibu mwenye boksi. Mara nyingi amesikia uvumi wa mamilioni, au ameona tangazo la mtu anayeomba laki tano kwa gazeti ambalo miezi sita imepita bila mnunuzi. Bei anayoomba muuzaji si bei iliyolipwa. Anayechanganya hizi mbili ataona utajiri ambao haupo, na dawa yake ni kuonyeshwa mauzo yaliyokamilika. Sasa mauzo hayo yako wapi? Yamefichwa inbox, na walioyaficha ndio hao wanaolalamika kwamba wenye maboksi hawajui bei halisi.

3. Soko lisilo na kumbukumbu halijirekebishi

Soko hujirekebisha pale watu wanapoona bei. Soko la ndizi la Bukoba hujirekebisha kwa sababu anayeuza mkungu kwa bei ya juu amesimama hatua tano kutoka kwa anayeuza kwa bei ya chini, na mnunuzi anawasikia wote wawili. Kwenye makundi yetu kila mnunuzi anaingizwa chumba chake peke yake na kuambiwa bei yake peke yake. Mwenye namba ya Uingereza au Oman huambiwa mara tatu ya anayoambiwa wa Muleba, kwa sababu tu ya tarakimu za mwanzo za simu yake. Hakuna kinachoweza kujirekebisha hapo, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba kimepinda.

Marekani walipitia hali kama hii. Kabla ya 1970 wauzaji wa vitabu vya katuni vya zamani walikuwa wachache, kila mmoja na orodha yake, na bei ilitegemea ulimkuta nani. Mwaka huo Robert Overstreet alichapisha mwongozo wa kwanza wa bei zake, kitabu ambacho kimeendelea kutoka kwa zaidi ya miaka 50. Mwongozo huo umekosolewa sana, na kuna ukosoaji unaofaa: ulivutia watu wasiojali hadithi ila fedha, na mara nyingine bei zake zimebaki nyuma ya soko au kulitangulia. Lakini mtoto aliyerithi sanduku la babu yake aliweza kufungua ukurasa na kujua angalau kama ameshika shilingi mia au laki. Sisi hatuhitaji kitabu kinene. Tunahitaji kila mauzo yaandikwe: gazeti gani, toleo lipi, hali yake, bei iliyolipwa, mwezi na mwaka. Jina la mnunuzi si lazima, wala la muuzaji.

Hapa ndipo unafiki wa "bei inbox" unapojitokeza wazi. Mtu yuleyule aliyekataa kutaja bei wakati wa kuuza, akipata yeye boksi la kununua huja mbele ya kundi akiuliza: "Jamani, hili siku hizi linakwenda kwa kiasi gani?" Anataka wengine wamfungulie daftari lao, lake likiwa limefungwa. Anadai taarifa ni mali ya mtu binafsi anapokuwa nayo, na ni haki ya umma anapokuwa hana. Msimamo wa namna hiyo hauwezi kuitwa kanuni ya biashara.

Na gharama yake tunailipa sote. Mnunuzi aliyegundua mara moja kwamba alilipa mara mbili ya mwenzake haulizi tena bei. Anatoka kwenye kundi kimyakimya. Muuzaji aliyegundua kwamba alilaliwa hamwiti tena mkusanyaji. Anawaambia na majirani zake wasimwite. Darini kwake kukibaki boksi lingine, atalitumia kuwashia moto kabla hajatuuzia. Tumefundisha watu kutuogopa, kisha tunashangaa kwamba magazeti yameadimika.

4. Uzee peke yake hauna bei

Walewale wanaosema bei ni maelewano wanaponunua, wanapouza hubadilisha wimbo. Sasa thamani si tena anachotoa mnunuzi. Thamani ni umri: gazeti lina miaka 40, basi ni hazina. Na mfano unaotolewa daima ni ule wa Superman.

Mfano huo ni wa kweli, lakini unasema kinyume cha wanachotaka useme. Action Comics namba 1, alimoanzia Superman, ilitoka 1938 ikiuzwa senti 10 za dola. Aprili 2024 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Inakadiriwa zimebaki nakala zipatazo 100 tu, kwa sababu watoto walizisoma mpaka zikachanika na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa kwa ajili ya vita. Ile ya milioni 6 ilipimwa na kupewa alama 8.5 kati ya 10. Nakala ya toleo hilohilo, ya mwaka uleule, iliyochanika na kupungukiwa kurasa, haikaribii bei hiyo. Umri ni sawa; hali ndiyo tofauti.

Mfano mwingine wa nchi hiyohiyo hutajwa mara chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi waliamini kila kitabu cha katuni kitapanda bei. X-Men namba 1 ya 1991 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8. Wanunuzi wakazifunga kwenye nailoni na kuzihifadhi wakisubiri utajiri. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi, hakuna kilichoadimika, na leo nakala hizo bado zinapatikana kwa dola chache. Maduka mengi ya katuni yalifungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe, iliyotoa X-Men, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Waliojeruhiwa zaidi walikuwa mashabiki wa kawaida walioambiwa wanunue kwa kuwa itapanda.

Kwetu thamani inatokana na mambo manne: ni gazeti gani, nani alichora, limebaki katika hali gani, na kuna watu wangapi wanalitaka. Sani la wakati wa uhai wa Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki akiwa bado kijana katika miaka hiyohiyo ya 1980, lina sababu ya kutafutwa. Kadhalika African Film yenye shujaa Lance Spearman, iliyoanza 1968 na kusomwa sana Afrika Mashariki, Film Tanzania la Faraji Katalambula, michoro ya Chakubanga ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Kingo la James Gayo, au kitabu cha Abunuwasi alichochora Gado na kuchapishwa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996. Gazeti lingine la umri uleule, lisilo na mchoraji anayekumbukwa, lililopotelewa na kurasa za katikati, ni karatasi ya zamani. Kumwambia kijana wa Muleba alinunue kwa laki moja kwa sababu "ni la kitambo" ni kumtapeli, hata kama anayesema amejitapeli mwenyewe kwanza.

5. Hakuna anayefumbua macho kupitia picha ya simu

Kauli kwamba mnunuzi afumbue macho ilikuwa na maana mnunuzi alipokuwa amesimama mbele ya meza, gazeti mkononi, akilifungua ukurasa kwa ukurasa. Leo mnunuzi yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Anachokiona ni jalada kwenye kioo cha simu, limepigwa picha kwa pembe inayoficha kona iliyoliwa. Anatuma fedha, na ya kutolea juu yake. Gazeti linapakiwa kwenye basi, linafika, na hapo ndipo anapogundua kwamba kurasa nne za kati hazipo na pindo limebandikwa selotepu.

Aliyeficha hawezi kumlaumu aliyefichwa kwa kutoona. Sheria ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Katika sheria ya Kiislamu muuzaji anayeijua kasoro ya bidhaa anawajibika kuibainisha. Na hata kama mahakama isingeweza kumgusa mtu aliyenyamaza tu, kundi la watu wanaopenda kitu kimoja haliwezi kuendeshwa kwa kiwango cha chini kabisa ambacho mahakama inakivumilia.

Kagera kasoro hizi si za kubahatisha, kwa hiyo hakuna muuzaji anayeweza kudai hakufikiria kuangalia. Bukoba mjini hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Magazeti yale yalichapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, inayogeuka njano na kukatika kwenye mikunjo. Ikikutana na unyevu wa ziwa inaota ukungu, kisha mchwa na mende wanamalizia. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi Bukoba na Missenyi na kuharibu vibaya shule ya Ihungo. Familia zilizolala nje kwa majuma hazikuwa na nafasi ya kufikiria maboksi ya karatasi yaliyolowana chini ya kifusi. Kabla ya hayo yote, magazeti mengi yalikuwa yameshafungia karanga na maandazi. Gazeti lililopita katika haya yote likabaki zima ni adimu kweli, na lililobaki nusu linapaswa kuuzwa kama nusu.

Hatuhitaji mizani ya alama kumi ya Wamarekani ili kusema ukweli. Maneno ya kawaida yanatosha: lina majalada yote mawili au halina; kurasa zimehesabiwa na ni ngapi; limechanika wapi; lina ukungu, maandishi ya kalamu, selotepu au laminesheni; ni chapa ya asili au ni fotokopi. Hili la mwisho ni zito. Anayeuza fotokopi kwa jina la gazeti la asili anamdanganya mnunuzi, na anayeichapa kwa ajili ya kuuza bila ridhaa anavunja haki ya wachoraji, inayolindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999.

Na kuna usaliti mwingine unaofichwa ndani ya neno maelewano. Watu wawili wanakubaliana bei saa nne asubuhi. Saa sita anatokea mwenye dau kubwa, na wa kwanza anaambiwa mzigo umeshachukuliwa. Hapa makubaliano yalikuwepo, tena ya hiari, tena ya watu wazima. Yamevunjwa na yuleyule anayetuambia kwamba makubaliano ndiyo msingi wa haki yote. Kama bei ni maelewano, basi maelewano yakishafikiwa yanamfunga na muuzaji.

6. Si katuni tu

Hoja ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wanaojiita wapenzi wa katuni. Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, wakaunganisha majina yao kupata jina la gazeti. Wahusika wake Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Pimbi walisomwa na watu ambao hawakuwa na uwezo wa kununua riwaya, wengi wao wakijifunza kupenda kusoma kupitia kurasa hizo. Humo kuna mitaa, mavazi, matani, tamaa na uhaba wa Tanzania ya wakati ule, kama watu wa kawaida walivyouona. Gado alikulia na kuchora Dar es Salaam kabla ya kwenda gazeti la Nation jijini Nairobi mwaka 1992. Historia ya uchoraji wa Afrika Mashariki haiandikiki bila karatasi hizi, na sehemu kubwa yake imo kwenye maboksi ya watu binafsi.

Kwa hiyo bei isiyo ya haki ina gharama isiyoonekana kwenye mfuko wa mtu. Boksi la mwalimu wa Nshamba lilikuwa mkusanyiko wa mtu mmoja, umepangwa kwa miaka yake ya kusoma. Aliyelinunua kwa siri atalivunja: matoleo mazuri yatakwenda mbali, moja moja, bila orodha, na mabovu yatatupwa. Hakuna atakayejua kilichokuwemo. Aliyelinunua kwa uwazi angeandika orodha, kwa sababu orodha ndiyo aliyoitumia kumweleza mama bei yake, na orodha hiyo ingebaki hata magazeti yakitawanyika. Ukweli wa bei na utunzaji wa kumbukumbu ni kazi moja.

Tunachopaswa kufanya

Nadai mambo matano kutoka kwa wakusanyaji wa Bukoba, Muleba na kwingineko, nami nayafuata.

Kila tangazo liwe na bei. Punguzo liombwe, dau lishuke, watu wajadiliane watakavyo, lakini namba ya kuanzia ionekane na wote na iwe ileile kwa mwenye simu ya Muleba na mwenye simu ya London.

Kila tangazo liwe na hali ya gazeti kwa maneno, idadi ya kurasa, na picha za kasoro sambamba na picha ya jalada. Kikifika kitu kisicholingana na maelezo, muuzaji arudishe fedha na nauli ya mzigo.

Kila mauzo yaliyokamilika yaandikwe kwenye orodha ya kundi, bila majina, na nakala ya orodha ipelekwe maktaba ya mkoa kila mwaka ili mwenye boksi asiye na simu janja naye aweze kuuliza.

Anayenunua kwa mtu asiyejua thamani amweleze bei ya mwisho inayojulikana kabla ya kutaja dau lake, kisha ataje na sababu ya kupunguza. Akiona aibu kuitaja faida yake mbele ya muuzaji, basi faida hiyo ni kubwa mno.

Bei ikikubaliwa, imekubaliwa. Mwenye dau kubwa aliyechelewa asubiri gazeti lijalo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomzuia mtu kupata faida, wala linalohitaji serikali, sheria mpya au fedha. Kinachohitajika ni kuacha kujificha. Wanaotetea maelewano wanasema wanaheshimu uamuzi wa mtu mzima. Basi wampe mtu mzima huyo vitu anavyohitaji ili aamue: bei iliyolipwa mara ya mwisho na kasoro iliyopo. Akishavijua, akiamua kuuza kwa nusu au kutoa bure, hakuna atakayemsaidia kulalamika. Na mnunuzi atakuwa amepata gazeti ambalo anaweza kusema mbele ya yeyote alilinunua kwa kiasi gani.